Kabla Hujaweka Jina Lako Chini ya Kiraka

Kiraka chenyewe kina mistari mitatu. Mmoja umeongezwa, miwili imefutwa. Juu yake mwandishi ameeleza kwa sentensi moja kwamba usafishaji fulani wa kache hauna haja, na kwamba mchezo mmoja sasa unakimbia kasi kidogo kuliko jana. Mashine za majaribio zimetoa alama ya kijani. Jina lako limo kwenye orodha ya wanaoombwa kukagua kwa sababu mwezi uliopita uligusa faili hilo hilo. Unasoma mara mbili, unaona mantiki imekaa sawa, na mkono unakwenda kwenye kibodi kuandika "Reviewed-by", kisha jina lako.

Ngoja kwanza.

Hapo unapotaka kuandika ni mahali pa mdhamini. Mwandishi wa kiraka ni kama mwanachama anayeomba mkopo kwenye kikoba, na wewe ndiye unayesimama mbele ya wenzako na kusema: namfahamu, nimeliona shamba lake, nitajibu likitokea la kutokea. Historia ya Git haikumbuki kwamba siku ile ulikuwa na haraka. Inamtaja aliyeandika na inamtaja aliyedhamini, na itaendelea kuwataja wote wawili miaka kumi ijayo, siku mtu asiyekufahamu atakapofungua faili lile akitafuta skrini yake imeharibikia wapi.

Neno kiraka nalitumia kwa maana ya fundi cherehani, si yule mchezaji wa mpira anayepangwa nafasi yoyote. Fundi mzuri ukimpelekea suruali yenye tundu hashoni papo hapo. Huigeuza ndani nje, akavuta kitambaa kinachozunguka tundu aone kimechakaa kiasi gani, maana kiraka kipya juu ya kitambaa kilichooza hupasua tundu la pili. Ukaguzi wa msimbo ni huko kugeuza suruali. Mistari iliyobadilika umeletewa mbele ya macho ikiwa na rangi nyekundu na kijani, na mtu yeyote anaweza kuisoma. Hitilafu mara nyingi imelala kwenye mistari ambayo hukuletewa.

Mifano yangu naitoa Mesa, kwa sababu ndiko nilikojifunzia, na kwa sababu ukiwa na kompyuta ya Linux yenye michoro ya Intel au AMD, karibu hakika unaitumia. Brian Paul aliianza mwaka 1993 kama utekelezaji huria wa OpenGL, na toleo la kwanza likatoka 1995. Leo ni nyumba yenye vyumba vingi: RADV kwa kadi za AMD, ANV na Iris kwa Intel, NVK kwa NVIDIA, V3D kwa Raspberry Pi, Panfrost kwa GPU za Mali, ambazo ni za ukoo ule ule uliomo kwenye simu nyingi za bei nafuu. Kiendeshi, au draiva kama tunavyosema mafundi, ni mkalimani. Mchezo au kivinjari husema kwa lugha ya OpenGL au Vulkan. Kiendeshi hugeuza maneno hayo yawe namba ambazo chip fulani hasa inazielewa, kisha huzikabidhi kwa keneli, yenye mamlaka ya kugawa kumbukumbu na kupanga foleni ya kazi. Mkalimani akikosea neno, mtumiaji haoni kosa la neno. Anaona dirisha jeusi, au kompyuta nzima inaganda.

Basi anza na maelezo ya kiraka, usianze na msimbo. Maelezo mazuri yanajibu maswali manne: nini kilikuwa kinatokea, kwenye chip ipi, kwa sababu gani, na mwandishi alijuaje kwamba sababu ni hiyo. Maelezo yanayosema tu "rekebisha kuzima ghafla" yarudishe, hata kama msimbo unaonekana safi. Hujui kilichozima, basi utadhamini vipi kwamba hakitazima tena? Kama kuna mstari wa "Fixes:" wenye namba ya badiliko la zamani linalolaumiwa, fungua hilo badiliko ulisome. Si adabu tu. Wanaotayarisha matoleo tulivu hutegemea mstari huo kuamua kiraka kirudishwe hadi toleo lipi, na namba ikiwa si sahihi, watumiaji wa toleo la zamani watabaki na hitilafu ambayo kila mtu anaamini imekwisha.

Sasa turudi kwenye mistari yetu mitatu. Kiraka nimekibuni, lakini vifaa nitakavyovitaja ni vya kweli, na ukikaa na RADV muda wa kutosha utakutana na ndugu zake.

Mchezo unaendesha sheda ya hesabu inayoandika picha kwenye kumbukumbu ya kadi. Hatua inayofuata, picha hiyo hiyo inatumika kama turubai: vitengo vya rangi, ambavyo ni vya mwisho kwenye safari ya kila pikseli, vinachora juu yake. Kati ya hatua hizo mbili mchezo unaweka kizuizi, yaani unakiambia kiendeshi: hakikisha kazi ya kwanza imeonekana kabla ya pili kuanza. Kiendeshi cha zamani kilikuwa kikitimiza agizo hilo kwa kusukuma yaliyomo kwenye kache ya L2 hadi kwenye kumbukumbu kuu. Mwandishi wetu amegundua kwamba kwenye kadi yake sheda na vitengo vya rangi vyote hupita L2 hiyo hiyo. Kwa nini basi data itolewe ghalani ipelekwe sokoni, wakati mnunuzi amesimama mlangoni pa ghala? Akafuta usafishaji, akapima, kasi ikapanda.

Hoja yake ni ya kweli, ila ina tarehe. AMD walivifanya vitengo vya rangi na kina kuwa wateja wa L2 kuanzia Vega, iliyotoka 2017. Kwenye kadi za kabla yake, kama RX 480 ya ukoo wa Polaris iliyotoka 2016, vitengo hivyo vilikuwa na kache zao na njia yao ya pekee ya kwenda kwenye kumbukumbu. Ukifuta usafishaji kwenye kadi hiyo, rangi mpya zinabaki zimekaa L2 huku kitengo cha rangi kikisoma za zamani kutoka kumbukumbu kuu. Mtumiaji anaona vipande vya mraba vyenye picha ya fremu iliyopita. Tena si kila mara. L2 ikijaa yenyewe humwaga vilivyomo, na wakati mwingine humwaga kwa bahati kabla ya kitengo cha rangi kufika. Hivyo hitilafu inatokea kwenye mchezo mmoja, eneo moja la ramani, kwenye kompyuta ya mtu mmoja, na ukimwomba aijaribu tena anakuambia leo haikutokea.

Hakuna hata neno moja la habari hiyo lililomo kwenye mistari mitatu. Utaipata wapi?

Kwanza kwa aliyeuweka mstari unaofutwa. Kila mstari una mwenyewe, na mara nyingi aliacha barua. Tumia "git blame", au "git log -S" ukiipa maneno ya mstari wenyewe. Amri hii ya pili ninaipenda zaidi kwa sababu inakupeleka hadi siku maneno hayo yalipoingia au kutoka, hata kama baadaye yalihamishiwa faili jingine. Soma maelezo ya siku hiyo. Kwa kiraka cha namna hii ningetarajia kukuta sentensi kuhusu kizazi fulani cha chip, na hiyo peke yake ingetosha kunyanyua mkono. Ukikuta mstari hauna maelezo yoyote, usidhani hauna sababu. Umekutana tu na mtu asiyependa kuandika.

Pili kwa kuhesabu wasomaji. Nachukua karatasi na kalamu, kwa sababu kichwa changu hakitoshi. Katikati naandika jina la eneo la kumbukumbu, pembeni naandika kila anayeweza kulisoma baada ya kizuizi: sheda nyingine, kitengo cha rangi, kitengo cha kina, injini ya kunakili, kisoma-amri cha GPU chenyewe, CPU, kitengo cha kuonyesha kwenye skrini, kisimbua video, programu nyingine iliyoshirikishwa picha hiyo. Kila mmoja namchorea njia anayopita. Kisha nauliza, kwa kila njia: kwenye chip gani njia hii ni tofauti? RADV inahudumia kadi kuanzia zile za mwaka 2012 hadi za leo. Mtu anapoandika "kwangu imefanya kazi", amezungumzia kizazi kimoja kati ya hivyo vyote. Muulize kadi yake ni ipi. Swali hilo fupi limeokoa viraka vingi kuliko ujuzi wangu wa C.

Tatu, tazama mipaka ya nyumba. Badiliko kwenye folda ya kiendeshi kimoja linaumiza kiendeshi kimoja. Lakini Mesa ina sehemu za pamoja, na ya hatari zaidi ni NIR, lugha ya kati ambamo karibu kila sheda hupita kabla ya kugeuzwa kuwa maagizo ya chip. Mistari mitatu ndani ya NIR inawafikia Intel, AMD, Mali na Raspberry Pi kwa mpigo mmoja. Mtu wa Intel aliyepunguza maagizo mawili kwenye sheda zake anaweza kuwa amewaongezea watu wa Mali manne. Hapo usikague peke yako. Waite wenye vyumba vingine.

Kuna suala la alama ya kijani. Nimewasikia wenzangu wakisema, kwa nini nijisumbue wakati mashine zimeshajaribu? Mashine zimejaribu kweli, na majaribio hayo si mchezo. Seti ya dEQP ilitokana na kampuni ya Kifini ya drawElements, ambayo Google iliinunua mwaka 2014, na vizazi vyake leo ndivyo Khronos, shirika linalotunza kanuni za Vulkan, linavyotumia kupima kama kiendeshi cha Vulkan kinafuata kanuni. Kesi zake ni nyingi mno. Lakini zote haziendeshwi kwenye kila chip kabla ya kila kiraka kuunganishwa. Mashine ni chache, foleni ni ndefu, kwa hiyo chip nyingi hupewa sehemu tu ya kesi, na chip nyingine hazimo kabisa kwenye chumba cha majaribio. Kijani maana yake ni kwamba waliokuwepo hawakulalamika.

Fungua pia mafaili ya orodha. Kila kiendeshi kina faili la kesi zinazojulikana kwamba zinashindwa, na jingine la kesi zisizotabirika, leo zinapita kesho zinaanguka. Kiraka kinachoongeza jina kwenye orodha hizo kinastahili swali, kwa sababu hapo ndipo kasoro hupewa kiti ikae. Huenda sababu ni njema: kesi yenyewe ina kosa, au imekuwa ikiyumba tangu zamani. Basi iandikwe. Kinyume chake, kiraka kinachoondoa jina kwenye orodha ya walioshindwa ni furaha ndogo ya siku, mpongeze mtu.

Mtu wa Mwanza au Eldoret ataniuliza: mimi sina RX 480, sina Vega, nina laptop ya mtumba tu. Nakuelewa, hata yangu ya kwanza kuijengea Mesa niliinunua Kariakoo ikiwa na stika ya ofisi ya Ulaya bado imebandikwa mgongoni. Kuna mambo matatu. Mesa ina llvmpipe na lavapipe, vinavyochora kwa CPU bila GPU yoyote. Msimbo wa pamoja unaweza kuujaribu humo. Ina pia kitu kinachoitwa drm-shim, kinachojifanya kuwa keneli yenye chip usiyokuwa nayo, ili kompaila ya kiendeshi iamke na kufanya kazi yake. Picha hutaiona, lakini ukiunganisha na mkusanyo wa sheda wa shader-db utapata hesabu kamili kabla na baada ya kiraka: maagizo mangapi, mizunguko mingapi, rejista zimefurika mara ngapi. Ripoti yake hutenganisha sheda zilizosaidiwa na zilizoumizwa. Usitazame wastani peke yake. Nenda kwenye sheda tano zilizoumia vibaya zaidi, uzifungue, uone kilichozipata. Kiraka kinachosaidia sheda elfu moja kwa agizo mojamoja na kufurisha rejista za sheda kumi huenda ni hasara, kama hizo kumi ndizo zinazochora kila fremu.

Jambo la tatu ni kwamba laptop yako kuukuu ni mali. Mwaka 2021 Mesa ilipokea Crocus, kiendeshi cha chip za zamani za Intel, na mwishoni mwa mwaka huo viendeshi vya mtindo wa kale vikatolewa kwenye tawi kuu na kuachwa kwenye tawi lao lililopewa jina la Amber. Kompyuta hizo ni nyingi zaidi kwenye maduka yetu ya mtumba kuliko kwenye madawati ya watunzaji. Ukikiendesha kiraka kwenye mashine ya namna hiyo na kuandika "Tested-by", ukataja chip na ulichojaribu, umetoa ushahidi ambao mhandisi mwenye kadi mpya hawezi kuutoa.

Upande wa keneli nitapita haraka, ingawa makosa yake ni ya gharama kubwa zaidi. Huko namba yoyote inayotoka kwa programu ya mtumiaji ichukulie kama mgeni asiyejulikana anayegonga usiku. Chukua picha ya pikseli 32,768 kwa 32,768, baiti 4 kwa kila pikseli. Zidisha: 4,294,967,296. Namba hiyo ni 2 kwa kipeo cha 32, na kwenye namba ya biti 32 inageuka kuwa sifuri kamili. Kiendeshi kinaomba baiti sifuri, kinapewa, kisha GPU inaandika gigabaiti nne juu ya kumbukumbu za watu. Utaambiwa GPU nyingi hukomea pikseli 16,384 kwa upande. Sawa, lakini nani aliyekagua kikomo hicho, mstari wa ngapi, kabla au baada ya kuzidisha? Fuata pia njia za kushindwa, zile "goto" za mwisho wa fanksheni: kila kilichochukuliwa kimerudishwa, na kimerudishwa mara moja tu? Na kiraka kikiongeza mlango mpya kati ya keneli na programu, simama kabisa. Linus Torvalds ameshikilia miaka yote kwamba keneli haivunji programu zilizokuwa zikifanya kazi, kwa hiyo mlango ukishafunguliwa hauzibiki. Ndiyo maana watunzaji wa michoro wa keneli hawakubali mlango mpya mpaka waione programu huria itakayoutumia, nayo iwe imekaguliwa.

Kiraka kikiwa kikubwa je? Kuna kisa ambacho kila mkaguzi anapaswa kukijua. Februari 2016 AMD walileta kwenye keneli msimbo mpya wa kuendesha skrini, zaidi ya mistari 90,000, ukiwa umejengwa juu ya tabaka lililokusudiwa kuuwezesha msimbo ule ule kutumika pia kwenye mifumo mingine ya uendeshaji. Ulifanya kazi. Kadi mpya ziliuhitaji. Desemba mwaka huo Dave Airlie, mtunzaji wa sehemu ya michoro, akasema hapana. Sababu yake haikuwa kosa kwenye mstari fulani. Aliona kwamba tabaka lile lingeufanya msimbo uwe wa wageni ndani ya nyumba: watunzaji wengine wasingeweza kuurekebisha walipobadilisha nguzo za pamoja, na siku kampuni ikigeuza nia, nani angeubeba? Palikuwa na maneno makali. AMD wakaurudia, wakaupunguza, wakaulinganisha na taratibu za keneli, na ukaingia kwenye Linux 4.15, iliyotoka Januari 2018. Wenye kadi walisubiri karibu miaka miwili, na wengi walikasirika. Mimi nadhani Airlie alikuwa sahihi, na nadhani pia kwamba ingekuwa nafuu kwa wote kama "hapana" hiyo ingesikika mapema zaidi. Ukiona mwelekeo wenyewe una tatizo, sema siku ya kwanza. Usimsahihishie mtu nafasi na nukta kwenye jengo unalotaka libomolewe.

Wewe si Airlie na viraka vyako havitakuwa mistari elfu tisini, lakini kanuni ya kugawanya inakuhusu. Mwombe mwandishi atenganishe: kubadilisha majina kiraka chake, kuhamisha msimbo kiraka chake, kubadilisha tabia kiraka chake. Kila kimoja kijengeke peke yake, vinginevyo "git bisect" itamkwamisha atakayekuwa akitafuta kosa usiku. Hili nimejifunza kwa aibu. Niliwahi kudhamini kiraka cha mistari mia nne kilichodai kubadilisha majina tu. Nilisoma hamsini ya kwanza kwa makini, mia iliyofuata kwa jicho moja, iliyobaki nikaiteremka kama mtu anayeshuka ngazi za nyumbani kwake. Kwenye mstari wa mia tatu na kitu alama ya "ndogo kuliko" ilikuwa imegeuka "ndogo au sawa". Mwandishi hakukusudia, ilimponyoka mkononi. Taarifa ya dirisha jeusi ilifika wiki mbili baadaye, na jina langu lilikuwa pale chini, limenyooka.

Maneno ya ukaguzi yana mtego wake kwetu. Sisi tumelelewa kuanza na salamu, kuuliza habari za nyumbani, ndipo tufikie shauri. Kwenye ukaguzi utakutana na jibu fupi tu: kwa nini? Au sentensi kavu kwamba hili ni kosa kwenye kizazi fulani. Usilipokee kama karipio; anayeandika hivyo ana viraka vingine ishirini mezani, na angemwandikia hivyo hivyo rafiki yake. Mtego wa pili ni mbaya zaidi, nao ni wetu wenyewe. Tunapokagua tunakunja pingamizi kwenye vitambaa vingi vya heshima mpaka mwandishi anadhani amekubaliwa. "Labda ingefaa kuangalia kidogo kama ikiwezekana" haimwambii mtu chochote. Mwandikie hivi: "Kwenye Polaris kitengo cha rangi hakipiti L2, kwa hiyo usafishaji huu ukiondoka data itabaki njiani. Naomba uuache kwa chip za kabla ya Vega. Kwa zilizobaki naona uko sahihi." Amejua tatizo, amejua ni wapi, amejua afanye nini ili uridhike. Heshima imo yote humo.

Mambo madogo, kama jina la kigezo au mstari mrefu, yawekee alama kwamba ni madogo. Wenzetu huanza na "nit", neno ambalo kwa Kiingereza ni yai la chawa, namaanisha chawa wa nywele, si wale wanaosifia mabosi. Yakizidi matatu, acha mengine. Mtu aliyepewa mayai kumi na tano ya chawa hataliona jiwe moja lililochanganyika nayo.

Kuhusu sahihi yenyewe, kumbuka kuna zaidi ya moja. "Reviewed-by" ni kwamba nimesoma, nimeelewa, niko tayari kuulizwa. "Acked-by" ni kwamba naunga mkono mwelekeo, sijapita kila mstari; hiyo ndiyo sahihi ya mtu wa Mali kwenye badiliko la NIR linalomhusu nusu. "Tested-by" ni kwamba nimeendesha, na nilichokiona ni hiki. Anayeanza huogopa kwamba "Acked-by" itamfanya aonekane mdogo. Haiko hivyo. Na inaruhusiwa kabisa kuandika kwamba umekagua mafaili mawili ya kwanza tu na la tatu limekushinda, aje mwingine.

Toleo la pili la kiraka chetu likija, usilisome upya kutoka juu kana kwamba hukuwahi kuliona, macho yatateleza. Tumia "git range-diff" kulinganisha toleo la kwanza na la pili, uone kilichobadilika kati ya hayo mawili, pamoja na kile ambacho hakikuombwa na mtu lakini kimeingia. Hapa mwandishi ameongeza sharti la kizazi cha chip, ameandika sentensi mbili kuhusu Polaris na Vega, na mtu mwenye RX 480 ameendesha mchezo ule ule na kuweka "Tested-by". Mistari mitatu imekuwa sita. Unaandika jina lako. Marge, roboti wa Mesa anayeunganisha viraka, anakipanga kwenye foleni, anaendesha majaribio tena, na kinaingia.

Usijiondoe kwenye taarifa za kiraka hicho kwa wiki chache. Siku moja itafika barua kutoka kwa mtu ambaye Kiingereza chake kinachechemea kama changu. Ameendesha "git bisect" usiku kucha, imemfikisha kwenye kiraka hiki, na ameambatanisha picha ya skrini yenye miraba midogo kwenye kona ya kulia. Kadi yake si Polaris wala Vega, ni nyingine ambayo wewe na mwandishi hamkuikumbuka. Anauliza kama kuna mtu anaweza kuangalia. Mwandishi yuko safarini. Mjibu wewe, leo hii, na kama huoni suluhisho kabla ya toleo lijalo, pendekeza kiraka kiondolewe kwanza.